Jumapili Saa Tisa, Linux Mwanjelwa

Mzozo wa kwanza katika kundi letu la Mbeya la watumiaji wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaowekwa badala ya Windows, haukuwa wa Linux. Ulikuwa wa siku ya kukutana. Wanachuo walitaka Jumamosi asubuhi kwa kuwa hawana vipindi. Mafundi wa Mwanjelwa na Kabwe wakaguna: Jumamosi wateja wanaingia mjini kutoka Uyole, Mbalizi na Tukuyu, sasa fundi afunge kibanda siku hiyo ale nini? Isitoshe tulikuwa na Wasabato, nao Jumamosi hawapatikani kwa lolote. Jumapili asubuhi haijadiliki. Mbeya ni mji wa ibada, na ibada zenyewe hazina saa ya kuisha. Ikabaki Jumapili mchana, nayo ina mazoezi ya kwaya. Mwishowe tukakubaliana saa tisa alasiri, Jumapili ya kwanza ya mwezi, mwanakwaya aje akimaliza. Mpaka leo kuna besi na sauti ya pili kadhaa wanaoingia saa kumi na nusu, daftari la nyimbo kwapani, wakiuliza tumefikia wapi.

Nimeanza na siku kwa makusudi. Watu wa Iringa na Njombe wakinipigia kuuliza namna ya kuanzisha kundi lao, huuliza habari za projekta, mada na wazungumzaji. Siku hawaiulizi. Mimi naona siku ndiyo kundi lenyewe. Ikihamishwa mara mbili tatu watu wanaacha kuiweka akilini, na kinachobaki ni kundi la kwenye simu, watu wakitakiana asubuhi njema kwa picha za maua. Sisi tumewahi kukutana watu watatu tu, mvua ya Machi inapiga bati hatusikilizani, na mkutano ukahesabika kuwa mkutano.

Tunakaa chumba cha nyuma cha steshenari moja ya Mwanjelwa. Jumapili mchana hakuna foleni ya fotokopi, meza zipo, umeme upo (ukiwepo). Mwenye duka tunamwita Mama, wote, hata mafundi wanaomzidi umri. Hatukumpata kwa kumwomba ukumbi. Tulimpata kwa sababu ya flashi.

Aliyewahi kupeleka kazi steshenari anaijua hadithi hii. Unachomeka flashi yako, unatoa nakala ya barua ya maombi ya kazi, unarudi nyumbani, na ukiifungua unakuta kila folda imegeuka shotikati, ikoni inayoelekeza tu kwenye kitu kingine. Wengi huamini kazi yao imefutwa, wengine hufika mahali wakaifomati flashi yenyewe na kumaliza kabisa. Kumbe kirusi cha aina hii hakifuti kitu. Kinayawekea mafaili yako alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, mara nyingi kinayasukuma yote ndani ya folda ambayo jina lake ni nafasi tupu, halafu kinapanga shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya shotikati, kwanza kinajiendesha chenyewe, kisha kinakufungulia folda yako kama kawaida ili usishtuke. Kuanzia hapo mashine hiyo inaambukiza kila flashi itakayochomekwa, na kwenye steshenari yenye watu, flashi zinazochomekwa kwa siku ni nyingi mno.

Sasa, zile alama mbili zina maana kwa Windows tu. Linux haizijali. Kwake, faili lililofichwa ni lile ambalo jina lake linaanza na nukta, basi. Kwa hiyo flashi ileile ukiichomeka kwenye mashine ya Linux, folda isiyo na jina inaonekana, mafaili yamo, na kirusi chenyewe kimelala pale kama faili lolote kwa sababu kiliandikwa kuendeshwa na Windows. Unakifuta kama unavyofuta picha mbaya.

Siku hiyo binti wa mwaka wa mwisho alikuwa kaunta analia, tasnifu yake yote imegeuka shotikati, na nakala nyingine hana. Mmoja wetu alikuwa dukani kwa ajili ya kulaminisha cheti, laptopu iko begani. Akaomba ile flashi, akaichomeka, akageuza skrini kumwelekea binti. Sura zote tano za tasnifu zilikuwepo. Mama akaja kutoka nyuma ya mashine ya fotokopi, akatazama, na swali lake la kwanza likawa, "Hiyo mashine yenu mnaiuza?"

Hatukuiuza. Tulichukua kompyuta yake moja kuukuu iliyokuwa imewekwa kando, tukaweka Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, na ikawa mlango wa duka: kila flashi ya mteja hufunguliwa pale kwanza, huoshwa, ndipo kazi ichapwe. Uchapaji wenyewe ulitusumbua, nisiwafiche. Printa moja ilikubali papo hapo, nyingine ilidai draiva, programu ya kuiendesha printa, ambayo mtengenezaji aliitoa nusunusu, na kwa muda mrefu Mama alikuwa akituma faili kutoka mashine safi kwenda mashine ya Windows iliyoshika printa ile. Hata hivyo akatupa chumba, na hajawahi kutudai hata mia. Anachodai ni kwamba tufagie.

Kwa hiyo ukitaka kujua watu wa Mbeya wanaijia Linux kwa njia gani, jibu ni hilo. Hawaji kwa hotuba za uhuru wa programu. Wanakuja na flashi chafu, laptopu ya mtumba inayostaki, na bando lililokatika njiani.

Bando ndilo lililotuunganisha kuliko yote. Faili la kusakinishia Linux Mint lina karibu gigabaiti 3. La Ubuntu ya sasa, aina nyingine ya Linux, linakaribia 6. Ukishasakinisha, mashine inaanza kudai masasisho, mamia ya megabaiti tena. Mwanachuo anayeishi kwa kifurushi cha wiki hawezi. Na watu kumi wakipakua kitu kilekile kila mmoja kivyake, ni pesa ya watu kumi imeungua kwa kazi ya mtu mmoja. Tukaufanya mzunguko kama upatu: kila mwezi zamu ya mtu mmoja kununua bando kubwa, au kupakua usiku wa manane pale ambapo data ni nafuu, na kuja na diski. Wengine wanachangia kidogo, wananakili. Flashi moja yenye Ventoy, programu ya kuwashia mashine kutoka kwenye flashi, inabeba mafaili ya usakinishaji manne au matano pamoja, unachagua unapowasha.

Masasisho nayo yana dawa. Kuna programu ndogo iitwayo apt-cacher-ng. Tunaiweka kwenye laptopu moja, mashine nyingine zote chumbani zinaelekezwa kwake, kwa mlango wa mtandao namba 3142. Mashine ya kwanza ikiomba kifurushi cha programu, ile laptopu inakwenda kukichukua intaneti na kubaki na nakala. Ya pili ikiomba kilekile, inapewa nakala iliyopo, hata kilobaiti haitoki nje. Mara ya kwanza kuona mashine sita zinasasishwa kwa bando la simu moja, kijana mmoja alinyanyuka kwenda kuhakikisha kwamba hatujamwibia Mama intaneti ya duka.

Hapa kuna swali ambalo mafundi waliliuliza mapema, nalo ni swali zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye semina: kama programu inapita mkono kwa mkono, nitajuaje aliyeibeba hajatia kitu chake ndani? Mafundi wanayajua haya, maana Windows ya kuchakachua inayozunguka vibandani haina ajuaye ilikopitia. Jibu lipo. Kila faili la usakinishaji hutolewa na alama yake iitwayo SHA-256, tarakimu na herufi 64 ambazo zinabadilika kabisa ukigusa hata baiti moja ndani ya faili. Mwenye zamu anafika na diski, mtu mwingine anafungua tovuti rasmi kwa simu yake, na wanasomeana kwa sauti, wa kwanza anasoma simu, wa pili anafuata kwa kidole kwenye skrini. Kompyuta ingeweza kulinganisha yenyewe kwa sekunde moja, tunajua. Lakini mgeni akishaona watu wazima wawili wanasomeana "saba, efu, sifuri, nne, a" mpaka mwisho, haulizi tena maana ya kuhakiki. Vifurushi vinavyoletwa na apt, zana ya Linux ya kusakinisha na kusasisha programu, kwa upande wake, vinalindwa na orodha rasmi yenye saini, na mashine yenyewe inavikataa vikichezewa njiani.

Kuna mzee tuliyempata mwaka wa pili, mstaafu wa reli, alikuja na laptopu ya binti yake. Huyo ukimsalimia shikamoo anaitikia, halafu anakuhoji kama uko mahakamani. Swali lake lilikuwa moja: "Hiki kitu mwenyewe nani? Na siku akibadili mawazo?"

Wanachuo wakaanza kumweleza kerneli, kiini cha mfumo. Mzee akawanyamazisha kwa mkono. Ikabidi tuanze mbali. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, mfumo mzima wa programu ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuusoma ulivyoandikwa, kuubadili na kuugawa. Zana nyingi zilipatikana, ila kiini cha mfumo kilichelewa. Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, Linus Torvalds, aliwaandikia wenzake kwamba anatengeneza mfumo, ni mchezo wake tu, hautakuwa mkubwa. Mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni ya GPL, ile ya Stallman na wenzake. Leseni hiyo inasema ukiipata programu una haki zote hizo, na ukimgawia mwenzako, naye umpe haki zilezile. Baada ya hapo maelfu ya watu wakaongeza vipande vyao, na kila kipande kina mwenyewe. Hata Torvalds akitaka kuirudisha mfukoni leo hawezi, itabidi awaombe wote.

Mzee alifikiri. "Kwa hiyo hata akifa inaendelea."

Ndiyo. Akamgeukia binti yake: "Weka." Toka siku hiyo haachi kuja, na kwa taminali, dirisha la kuandikia amri, amewapita vijana wengi, kwa kuwa anasoma ujumbe wa kosa mpaka mwisho. Vijana huona maandishi mekundu wakafunga dirisha.

Upande mgumu wa habari hii ni mafundi wenyewe, na naomba nikae hapo kidogo.

Fundi wa kibanda anaishi kwa kupiga Windows. Mteja analeta mashine nzito, fundi anafuta, anapiga Windows upya, anaweka programu za kuchakachua, anapokea elfu kumi au kumi na tano. Baada ya miezi michache kirusi kimerudi, mteja amerudi. Sasa wewe unakuja kumwambia aweke mfumo ambao mteja hatarudi. Wanachuo, wengi wao kutoka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, walidhani mafundi wanakataa kwa ujinga. Haikuwa hivyo. Walikuwa wanapiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Kwa muda kundi lilikuwa na pande mbili chumba kimoja: huku watu wanajadili mandhari ya skrini yenye kung'aa, kule mafundi wameegemea ukuta wanangoja chai.

Kilichobadilisha mambo ni tarehe. Microsoft ilitangaza kwamba Windows 10 itaacha kupata masasisho ya usalama 14 Oktoba 2025, ukiacha waliojiandikisha kuongezewa mwaka. Windows 11, kwa masharti yake rasmi, inataka kichipu cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa ambazo, kwa upande wa Intel, zinaanzia kizazi cha nane, zile zilizotoka kuanzia 2017. Tazama sasa laptopu zinazouzwa mitumba hapa kwetu: zile nyeusi ngumu zilizotoka maofisi ya Ulaya, za kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Mtu amekusanya laki tatu, nne, kamnunulia mtoto mashine ya chuo, na mashine yenyewe ni nzima kabisa. Fundi mmoja wa Kabwe aliliona hilo mapema kutuzidi. Alianza kununua zile ambazo wenzake wanaziogopa, anaweka diski ya SSD, iliyo ya kasi zaidi, anaongeza RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ifike gigabaiti 8, anasakinisha Mint ambayo toleo lake la 22 lina ahadi ya masasisho hadi 2029, na anauza akimwambia mteja ukweli: hii si Windows, kaa nayo nusu saa hapa kibandani, ikikushinda chukua nyingine. Faida yake iko kwenye SSD na RAM. Mteja harudi kupigiwa Windows, ila anamleta dada yake.

Napenda kuamini kwamba mfano wake utawavuta wote. Sina uhakika. Mafundi kadhaa waliondoka na hawajarudi, na siwalaumu. Mtaji wa SSD kumi si kila kibanda kinao. Waliobaki, hata hivyo, ndio walioligeuza kundi. Wao wanajua kufungua mashine. Wanachuo wanajua amri. Siku laptopu inagoma kuwaka baada ya usakinishaji, mwanachuo anatafuta tatizo kwenye GRUB, programu inayoanzisha mfumo, fundi anavuta RAM, anaisugua kwa kifutio cha penseli, anairudisha, inawaka. Zipo pia siku za kinyume chake, fundi ameshakata tamaa na diski, binti wa mwaka wa pili anaandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski, na kuonyesha kwamba diski ni nzima, kilichovurugika ni mgawanyo wake tu.

Mada za kusimama mbele tumezipunguza sana. Mwanzoni kila mkutano ulikuwa na mtoa mada na slaidi, na nilikuwa nazipenda, lakini niliona nyuso. Sasa dakika za mwanzo kila mtu anataja alichokuja nacho kimeharibika, mezani kwenyewe, mbele ya watu. Mficha uchi hazai, na kwenye kompyuta wanaoficha ni wengi: mtu ana diploma ya TEHAMA anaona aibu kuuliza tofauti ya sudo na su, amri za kupata mamlaka ya msimamizi wa mashine. Akisikia fundi mkongwe anauliza mbona chmod, amri ya kubadili ruhusa za faili, imemkatalia, naye anafunguka.

Yote yanasemwa Kiswahili, hata pale ambapo skrini ni Kiingereza. Desemba 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na Waswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux. Mafundi wetu wengi walikuwa shule ya msingi wakati huo, au hawajazaliwa kabisa. Tafsiri za namna hiyo zinahitaji watu wa kuzifanyia kazi kila toleo jipya linapotoka, na sisi hatuna nguvu hizo. Tunachofanya ni kidogo zaidi: ukurasa mmoja wa maelezo kwa kila jambo, kwa Kiswahili cha kibandani, Mama anautoa fotokopi. Wa kuosha flashi ndio unaochukuliwa zaidi. Nimeukuta umebandikwa ukutani kwenye duka la mtu Tunduma, na sikumbuki kumpelekea mtu yeyote huko.

Tunawakatisha tamaa watu pia, na nadhani ni sehemu ya kazi. Anayesoma ujenzi na mwalimu wake anadai AutoCAD, programu ya kuchorea michoro, tunamwambia abaki na Windows au aweke mifumo miwili, maana AutoCAD haina toleo la Linux. Wa takwimu anayetumia programu ya SPSS tunamwonyesha PSPP na R, programu huru za takwimu, lakini tunamwuliza kwanza msimamizi wake atakubali nini. Tasnifu tunaweza: LibreOffice, programu huru ya ofisi, inafungua mafaili ya Word vizuri kuliko watu wanavyosema, na fonti ya Liberation Serif ina upana wa herufi sawasawa na Times New Roman, kwa hiyo kurasa hazihami. Ila majedwali yenye mapambo mengi yanaweza kuvurugika, basi fungua kazi yako yote ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuipeleka ikafungwe jalada. Anayefanya hesabu za biashara kwa programu ya Windows ambayo mhasibu wake ameizoea, tunampa chai na kumrudisha alivyokuja.

Chai, ndiyo. Juni na Julai baridi ya hapa inafanya vidole vikatae kibodi, na chumba cha nyuma hakina jua. Tumenunua chupa mbili za chai kwa mchango, na kuna anayeleta viazi vya kuchemsha kutoka kwao Uyole. Kuna mjadala unaendelea kama mchango huo uingie kwenye fedha za bando au uwe na daftari lake, na mzee wa reli ameshika msimamo wa madaftari mawili.

Mwezi ujao zamu ya diski ni ya fundi wa Kabwe, na kazi kubwa itakuwa kompyuta za shule moja ya sekondari zilizokaa stoo. Anayetaka kuja apite mlango wa pembeni, wa mbele unakuwa umefungwa. Aje na chaja, na kama kuna kitu cha thamani ndani ya mashine yake akinakili kwingine kabla hajafika, maana hatufuti diski ya mtu ambaye hajatuonyesha nakala yake. Soketi ni chache, mwenye ekstensheni aibebe.